Muhuri wa Nyama, Mtua

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Bibi yako mzima, na hapa Mtua ufuta tumeshavuna. Umeuliza kwa nini sisi wenye mabucha tulijenga machinjio wenyewe, lakini muhuri tukamwachia mkaguzi wa serikali.

Ujanani mwangu mkaguzi aliitwa kwenda Nachingwea mjini, akaniachia muhuri. Nikachinja ng'ombe wangu, nikagonga mwenyewe. Akaja binti mmoja kununua.

"Nani kaikagua?"

"Mimi."

"Basi ule mwenyewe."

Wateja wakacheka, wakaondoka naye. Nikapanda baiskeli na muhuri mfukoni, nikamfuata mkaguzi. Akaja, akakagua, akagonga. Binti akarudi, akachukua nusu kilo.

Ndiye bibi yako huyo. Hata leo mchuzi napika mimi, lakini wa kusema umekolea ni yeye.

Babu yako,
Mtua