Ngozi ya Kioko Nimemrudishia

Jumatano, Agosti 2009. Baridi, na ukungu haujaondoka Kalama tangu asubuhi.

Jumamosi iliyopita nilipoteza ngozi ya ngoma yangu. Ilipasuka harusini, ukingo mpaka ukingo, kabla bibi harusi hajatoka nyumbani kwao. Na siku hiyo mimi sikuwa nimeigusa.

Aliyeigusa ni Kioko, mwenyekiti wa kikundi chetu cha ngoma. Kila mtu huku anajua ngoma hupashwa moto kidogo ili ngozi ikaze: unaishika mwenyewe, unaizungusha, unaigonga kwa kidole na kusikiliza. Kioko aliiegemeza kwa moto, kando ya sufuria ya muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, akaenda kusalimia wageni.

Nilipomuuliza, alinijibu mbele ya watu: "Mama Mwende, hiyo ngozi ilikuwa ya mbuzi ama ya kuku?"

Wakacheka. Nikamwambia, "Mwenyekiti, ngoma hupashwa. Wewe ulikuwa unaipika." Wakacheka zaidi. Nafikiri hilo ndilo hajanisamehe.

Jumatatu akaniletea ngozi ya beberu aliyechinjwa harusini. Nikashukuru. Kumbe iko na maneno nyuma yake: ameambia wanachama kwamba ngozi ni ya kikundi, kwa hivyo ngoma sasa ni ya kikundi, itakaa kwake, na Jumapili kule Konza, tulikoalikwa kucheza, itapigwa na shemeji yake. Mimi niende mstari wa waimbaji.

Gogo la hiyo ngoma nililichonga mwenyewe. Kupiga hakuna mtu alinifundisha. Nilijifunza kwa ndoo iliyopinduliwa, nikingoja zamu yangu ya maji kwa bomba.

Kwa hivyo ngozi yake nimemrudishia. Ilikuwa nene, halafu aliyechuna aliitoboa kwa kisu karibu na shingo. Nimejitafutia ya mbuzi jike kwa kichinjio cha mjini. Nimeiloweka, nimekwangua mafuta, nimekata inchi kumi na sita kwa mdomo wa inchi kumi na moja, kwa sababu ngozi ikikauka inarudi nyuma na haiombi ruhusa. Vigingi ishirini na vinne, kila kimoja na mwenzake ng'ambo. Manyoya nitanyoa ikishakauka.

Baridi hii ndiyo inanitia wasiwasi. Ngozi inakauka polepole, na jana mkono wangu mwenyewe ulitaka kuisogeza karibu na jiko.

Sikuisogeza.

Kioko, najua unasoma blogu hii, maana mwezi jana ulinitania kwa maneno niliyoandika hapa hapa. Usinitumie mtu. Usiniambie tutakaa chini tuongee. Jumapili napiga ngoma yangu kwa mikono yangu, ama ngoma haiendi Konza. Ni lipi kati ya hayo mawili? Nijibu kabla ya saa sita mchana Jumamosi, na unijibu kwa mdomo wako.