Mama Feza wa Kwenye Maporomoko

Bugarama, Cyangugu

Dada Feza, mukubwa wangu,

Nakusalimia wewe, shemeji na batoto bote. Mumeamkaje huko Kalemie? Kifua cha shemeji kimetulia kidogo? Mimi niko mzima, nakula, nalala, meno yangu yote yako mahali pake, na hapa Bugarama hakuna muntu anayebeba gunia la mpunga kama mimi. Juzi nilibeba mawili pamoja, moja kichwani na lingine mgongoni, bantu bakaacha kazi ili baniangalie. Uliza yeyote.

Maman Zawadi, yule wa samaki kavu, alinifikishia ujumbe wako pale mpakani, darajani Rusizi ya pili. Alisema: "Feza amekwisha kufunga mizigo. Amesema uende umuangalie yule mama kwa macho yako. Kama ni mama yenu kweli, anakuja, hata kama ni vita." Sasa nisikilize, dada. Usipande boti. Kwanza soma barua hii mpaka chini, ju ile njia ya bondeni baada ya Uvira si njia tena. Wiki hii walipiga risasi lori la bamama ba soko.

Unajua habari ilianza namna gani. Kuna Sefu, Muislamu mmoja tunayelima naye mpunga. Dada yake aliolewa huko juu milimani, kwenye mashamba ya chai. Huyo dada alimwambia kule kuna mama mzee aliyetoka Congo wakati wa vita ya kwanza, anasuka mikeka, anaitwa Mama Feza. Sefu akaniambia mimi, Maman Zawadi alikuwa amekaa hapo hapo, na habari ikavuka mpaka kabla sijavaa viatu.

Jumapili nimekwenda na Sefu. Njia yenyewe, dada, ni ya kuchekesha. Unaacha barabara kwenye chai, unashuka mpaka mtoni, kisha unafuata tu maji, njia imenyooka, kivuli kizuri, hakuna kupanda kwa maana. Bamama banapita pale na bido la maji kichwani huku bananyonyesha. Mimi niliyetoka Bukavu mpaka Walikale kwa miguu, nikala majani, nikafukuza chui kwa mkanda wa suruali, njia ile ningeimaliza na mguu mmoja. Lakini kila jiwe nililoliona, nililikalia.

Sefu akaniuliza, "Papa Amani, yule chui wako alikuwa amelala ama?"

"Viatu vinanibana."

"Umevaa kandambili."

Nilikuwa nafikiri ile sufuria. Siku ile tunakimbia Bukavu, mama alisema, "Endeni, nimesahau sufuria, nawafuata." Toka hapo sijui niseme marehemu mama, ama niseme mama tu. Kanisani wakiombea wafu nanyamaza, wakiombea wasafiri nanyamaza pia. Najua na wewe ni vile.

Maporomoko unayasikia mbele ya kuyaona. Kazini nimesema ni marefu kushinda mnara wa kanisa, lakini wewe nakuambia kweli: ni kama miti miwili ya avoka, mmoja juu ya mwingine. Maji yanaanguka meupe, baridi yake inakulowesha uso ungali mbali. Chini kidogo kuna vinyumba vya wachuma chai. Mbele ya kile cha mwisho mama mmoja alikuwa amesimama, kitenge kipya, kichwa kimefungwa vizuri kama wa kwenda misa. Walikuwa wamekwisha kumwambia kwamba muntu wa Feza anakuja.

Dada, unakumbuka mama alivyokuwa mrefu, alikuwa anainama kwenye kila mlango. Huyu ananifika hapa kifuani. Nimeona toka mbali. Lakini nikazidi kutembea, nikijiambia bantu bakizeeka banafupika, na taabu nayo inafupisha. Nilitembea namfupisha mama yetu kichwani mwangu, pole pole, mpaka nilipofika mbele yake. Macho hayakuwa ya mama.

Aliniuliza kitu, maji yakakimeza. Akanisogelea sikioni. "Feza iko wapi? Umemuacha nyuma?"

Wewe unanijua, mimi maneno hayanipotei. Siku hiyo niliinama nikatoa mchanga kwenye kandambili. Sefu ndiye aliyesema, "Mama, huyu Feza wake ni mwingine. Ni mtoto wa Veronika."

"Veronika ni nani?"

"Ni Mama Feza."

"Mama Feza ni mimi," akasema. Hakukasirika hata kidogo.

Na kosa ni la nani? Kwetu nani anaitaga mama ya muntu kwa jina lake? Hilo la Veronika hata mimi nililisikia kwa padri tu, na Sefu nilimwambia njiani. Balimuuliza yeye ni mama nani, akajibu. Na Kivu nzima, kila nyumba ina Feza.

Alikuwa amepika sombe na bugali, ametukalisha tukale. Kulikuwa na sahani moja zaidi, imefunikwa. Akatueleza alivyopotezana na Feza wake msituni, mwembamba, amebeba mtoto mgongoni, mkono wa kuume una kovu la moto. Kisha akaniangalia.

"Na wako hana kovu?"

"Hana, Mama."

"Mikono yote miwili?"

"Yote miwili, Mama."

Akachukua ile sahani akairudisha ndani.

Basi fungua mizigo, dada. Usikuje. Mama yetu hatujamuona bado, na siwezi kukuambia zaidi ya hapo. Nitaendelea kuuliza, na sasa nitauliza kwa jina la Veronika. Na wewe, huko Kalemie bakimbizi ni bengi: kila Feza utakayemkuta sokoni ama kwenye maji, umuangalie mkono wa kuume.

Salimia shemeji, mwambie anywe dawa. Baambie batoto mujomba wao alimshinda chui, hilo usiliondoe. Salimia mama mdogo, mwambie asianze kulia, hakuna lililobadilika.

Maman Zawadi, ambaye samaki wake hawangoji vita iishe, anakuletea na mkeka pamoja na barua hii. Yule mama aliutoa nyuma ya mlango tukiaga, alikuwa ameusukia Feza wake. Nikakataa. Nikamwambia, "Mama, wangu si wako." Akanisukumia mikononi. "Umesema anaitwa Feza. Akalie. Wangu nitamsukia mwingine."

Basi ukalie, dada. Lakini siku utakapomuona mwenye kovu, simama umpishe.

Ni mimi mdogo wako wa kukufuata,
Deo, Papa Amani