Anayemtukana Shangazi Kila Asubuhi

Kasongo, 18 Mei 2024

Mdogo wangu mpendwa Magloire,

«Yaya, Shangazi iko peke yake kule Wamaza, na kuko muzee mumoja anamutukana kila asubuhi. Ni haya kwetu sisi wote. Uende umutoe.» Ndiyo maneno yako, nimeyasikiliza kwenye ujumbe wako wa sauti mara nne. Kusema yuko peke yake si kweli. Haya ipo, ila umeiweka mahali pasipo pake. Nitakujibu yote mawili.

Lakini mama hakutulea tuanze ugomvi kabla ya salamu. Basi, hujambo? Sonia hajambo? Kile kikohozi chake cha vumbi la Lubumbashi kimetulia? Watoto je, bado wanakataa sombe na kutaka mkate? Chimène amepanda darasa? Mwambie shangazi yake wa Kasongo anaisubiri barua yake, ile aliyoahidi Krismasi.

Sisi tu wazima, kwa namna ya watu wa umri wetu. Mimi asubuhi ni mgongo, jioni ni macho. Louise bado tunaishi nyumba moja, anafundisha nami katika shule ya misheni na anaimba kwaya. Nilirudi kutoka Wamaza siku ya Jumatano, na hadi leo nahisi nusu ya mwili wangu bado iko njiani.

Huwa unaniuliza kama nimeizoea Kasongo. Nimeizoea kama mguu unavyozoea kiatu kilichobana: haulii tena, lakini vidole vimepinda. Naamka na adhana, kengele ya kanisa inafuata, kisha baiskeli za wauza mawese zinapita zikilia minyororo. Nafundisha. Alhamisi nazungumza redioni, na unanijua nikishika kipaza sauti. Wenye vyeo wa hapa wananikwepa sokoni. Hata hivyo, baada ya miaka kumi na miwili, mtaani kwetu mimi ni «yule mama wa Kabambare», upande wa kwetu Wamaza. Na jambo linalonichosha kuliko yote ni dogo: nanunua sombe. Mimi, niliyekulia katikati ya mihogo, nasimama sokoni nachagua majani yaliyonyauka kama mtu asiyekuwa na kwao.

Kwa hiyo uliponituma sikukataa. Nilisema nitakwenda kumtoa Shangazi Anastasie, lakini moyoni nilikwenda kujiona mwenyewe. Gédéon alinichukua kwa pikipiki yake, baba mpole wa watoto watano, asiyesema ila akifika kwenye daraja. Madaraja ni magogo mawili. Kwenye kila moja alizima pikipiki na kusema, «Mama Véro, shuka, tusali kidogo,» kisha akaisukuma, nami nikafuata nyuma nikiwa nimebeba viatu mkononi. Tulitumia siku mbili. Maneno yote niliyowahi kuyasema redioni juu ya barabara hii nilikuwa nimeyasema nimeketi kitini. Sasa nimeyasema kwa makalio, na hakuna aliyekuwepo kusikia.

Nikafika. Magloire, walinipa kiti. Wenyewe waliketi kwenye mikeka na magogo, mimi wakaniletea kiti cha mbao, wakakifuta kwa kikwembe, wakaniita «mama wa Kasongo». Huku mimi wa Kabambare, kule wa Kasongo. Nikauliza kiwanja cha baba. Kinalimwa kalanga na familia iliyokimbia kutoka mbali zaidi kuliko sisi. Nilikuwa nimeandaa hasira tangu Kasongo kwa yeyote nitakayemkuta humo. Yule mama akanichumia kalanga mbichi, akanijazia kanga nzima. Hasira ikakosa pa kukaa.

Shangazi, aliyeuza mpunga wake ili mimi nisome, amepungua. Goti la kulia limevimba, jicho moja lina ukungu. Nyumba ni ileile, ila nyasi za paa zimeoza upande wa jikoni, mvua inaingia na kunywa chai pamoja naye. Nakuambia haya mapema usije ukasema dada yako amelewa kumbukumbu. Wamaza si peponi. Nililala nikijua nitamfungia mizigo kesho yake, nikipanga hoja zangu moja moja. Zilikuwa saba.

Kulipopambazuka nikasikia sauti ya mwanaume kwenye uzio:

«Weye Anastasie! Haujakufa bado? Jembe la kukuchimbia shimo limeshika kutu sababu yako!»

Nikasema, ndiye huyu! Kumbe Abdoul, mfanyabiashara wako wa chumvi aliyekuletea habari hizi, hakusema uongo. Shangazi alikuwa ndani bado, anafunga kikwembe, anafungua mdomo ajibu. Sikumpa nafasi. Nilitoka mbio. Nje alisimama mzee mrefu mwenye kofia ya msikiti iliyofifia na fimbo mkononi. Nikamhutubia, Magloire. Nilimwambia juu ya heshima ya wajane, juu ya sheria, juu ya chifu na ofisi ya Kabambare. Nilimwuliza dini gani ilimfundisha kumtakia kifo mwanamke mgonjwa asubuhi na mapema. Wapita njia wa kwenda mashambani walisimama kusikiliza. Ilikuwa hotuba nzuri, nisikufiche.

Yule mzee alisikiliza hadi mwisho. Kisha akatazama mlangoni, juu ya bega langu, akasema taratibu, «Samahani, mama. Sikujua kama iko na mugeni.» Akaondoka.

Nikarudi ndani nikingoja sifa. Shangazi alikuwa amekaa kwenye mkeka.

«Umemaliza?»

«Nimemaliza, Shangazi.»

«Basi, sasa enda kunitafutia mutu mwingine wa kunitukana.»

Ndipo akanieleza, kama anavyoelezwa mtoto. Mzee yule ni Papa Bulaimu. Alikuja kujenga hapo baada ya vita, mimi nikiwa nimekwisha kutoka, ndiyo maana sikumjua. Ukoo wake ni watani wetu tangu mabibi. Ulikumbuka kwamba tuna watani? Mimi nilikuwa nimesahau. Mimi, ninayewafundisha watoto wa watu historia!

Yeye na Shangazi walitoka wiki ileile porini walikokimbilia vita, kila mmoja amezika wake huko. Tangu hapo, kila akitoka kusali alfajiri hupitia kwenye uzio na kutupa tusi moja. Shangazi hujibu kwa baya zaidi. Hapo mzee anajua kwamba mwenzake ameamka, miguu inasimama, akili ipo. Naye huenda zake. Siku Bulaimu asipopita, Shangazi huchukua fimbo na kwenda kumtukana kwake. Hawakuwahi kukubaliana kwa mdomo. Mtandao wa simu hakuna, nyumba ya jirani wa tatu iko mbali, na magoti yamechoka, basi wamejitengenezea njia hiyo ya kujuliana hali.

Mwaka jana, wakati wa mvua kubwa, Bulaimu alitukana mara mbili bila kujibiwa. Alivunja mlango. Alimkuta Shangazi chini, homa imemwondolea fahamu. Akaita wanaume wanne, wakamweka kwenye tipoyi, wakambeba mabegani hadi kwa muuguzi, yeye mzee wa miaka sabini na kitu akitangulia kufyeka njia. Wakati ule wewe ulikuwa Lubumbashi, nami nilikuwa Kasongo nikisema redioni kwamba taifa limewasahau wazee wake. Hakuna kati yetu aliyejua hata kwamba ameugua.

Asubuhi ya pili hakuna aliyepita. Shangazi alikuwa mlangoni kabla ya mwanga, amevaa kilemba kizuri. Jua likatoka. Nikampikia uji, akautazama. «Nitakula baadaye.» Jua likafika juu ya michikichi. Sikuwahi kuona mtu akingoja tusi namna ile. Alitaka kuinuka kwenda mwenyewe, goti likakataa. Hapo nikajua nimefanya nini. Sikumwondolea adui. Nilikuwa nimemzimia taa.

Nikaenda kwa Bulaimu. Alikuwa barazani anasuka ungo. Akaniletea kiti! Akaniamkia kwa adabu, akaniuliza habari za Kasongo, za watoto, za safari. Nikaomba radhi. «Hakuna neno, mama.» Nikaomba tena kwa maneno bora zaidi. «Hakuna neno, mama.» Adabu yake ilikuwa ukuta, na nilivyozidi kuomba radhi ndivyo nilivyozidi kuwa mgeni, na nilivyozidi kuwa mgeni ndivyo asivyoweza kurudi kwenye uzio wetu. Mtani haombwi radhi. Nikaelewa kinachotakiwa.

Nitakuungamia kitu. Sikupata tusi. Nimewatukana wakubwa wa kila cheo kwa sauti na kwa maandishi, na nimekaa mbele ya mzee mmoja na ungo wake nikakosa neno. Matusi yangu yote yametengenezwa kuumiza. Sikuwa na hata moja la kupenda. Mwisho nikasema, kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni:

«Papa Bulaimu, na hiyo kofia yako… hata kuku wetu angekataa kutagia ndani.»

Akaacha kusuka. Akanitazama bila kucheka.

«Hiyo ni tusi ya Kasongo,» akasema. «Haina chumvi.»

Kisha akainuka, akaegemea fimbo, akapaza sauti kuelekea kwetu: «Anastasie! Mutoto wako hajui hata kutukana! Mupunga wako wote ulimusomeshea bure!»

Na kutoka kwetu, mara moja, kwa sauti niliyoijua utotoni: «Afazali yeye! Weye hata kufa umeshindwa kujifunza, na ni kazi ya mara moja tu!»

Niliporudi, uji ulikuwa umekwisha.

Hata hivyo nilitimiza ahadi yangu kwako. Jioni hiyo nilimwekea Shangazi hoja zote saba. Chumba cha Kasongo, godoro, hospitali iliyo karibu, Louise wa kumwogesha, maji, kanisa, na wewe kupata usingizi. Alisikiliza vizuri kuliko wanavyonisikiliza redioni. Kisha akauliza swali moja.

«Na kule Kasongo, ni nani atanitukana?»

«Mimi, Shangazi.»

Alicheka hadi akakohoa. «Weye? Na kuku yako?»

Sikuwa na hoja ya nane. Nilikaa nikifikiri jinsi atakavyokuwa kwangu. Watu watamwamkia kwa heshima, watampa kiti, watamwita mama wa mwalimu. Ataheshimiwa hadi afe. Najua ninachosema, kwa sababu ndivyo ninavyoishi mimi. Miaka kumi na miwili, hakuna mtu Kasongo aliyewahi kunitukana kwa kunipenda. Wananiogopa au wananistahi. Nikizima taa yangu siku moja nisiiwashe, Louise akiwa safarini, sijui ni nani atakayevunja mlango. Kama unatafuta mtu aliye peke yake katika ukoo huu, Magloire, usitume pikipiki hadi Wamaza.

Nilibaki siku sita zaidi. Nilikwenda hadi Kabambare kumtafutia dawa ya goti, kwa kuwa Wamaza muuguzi ana moyo bila vidonge. Nikapata za mwezi mmoja. Siku ya kuondoka hakuna aliyeniletea kiti. Bulaimu alisimama njiani akamwambia Gédéon, ili nisikie, «Chunga huyu mama, akianguka kwenye daraja samaki watahama.» Nililia kuanzia hapo hadi gogo la kwanza, Gédéon akidhani ni vumbi.

Wape salamu wote wa huko: Sonia, Chimène na ndugu zake, na Abdoul akipita, umwambie masikio yake ni mazuri ila siku nyingine asubiri asikie na jibu la Shangazi. Louise anawasalimu. Shangazi amenipa baraka nizifikishe, nami nazifikisha kama alivyozisema: Mungu awape afya, na awape majirani.

Sasa sikilizeni, wewe na Sonia, ninyi wawili, si ukoo mzima. Mabati mliyoyatuma kwa ajili ya chumba cha Shangazi yamelala hapa uani kwangu. Chumba hicho sitakijenga. Mabati hayo yatakwenda Wamaza, juu ya jiko lake, kabla mvua hazijarudi, na hayatapelekwa na mtu wa kukodiwa. Shule zikifungwa mwezi wa saba, mje na watoto. Gédéon amekwisha kuwatafuta wenzake wawili wenye pikipiki. Magloire, utashika nyundo. Sonia, utakaa na Shangazi umwulize jinsi goti lilivyoanza, maana mimi nilikuwa na hoja saba na sikuuliza.

Na kila mmoja wenu aje na tusi lake, lenye chumvi. Bulaimu aliniuliza ni nani aliyenituma kumwondoa jirani yake. Nikamtajia jina lako. Amekwisha kukuandalia lako.

Dada yako mkubwa, anayekupenda hata anapokukemea,

Véronique