Yaya Kisiwani

Johannesburg, 19 Agosti 2018

Kwako Victorine, mdogo wangu wa tumbo moja,

Nakusalimu kwa jina la Bwana aliyetuvusha mpaka siku ya leo. Je, uko mzima? Kifua cha Mama kimepoa, au baridi ya mwezi wa saba imekirudisha? Mwambie apakwe mafuta mgongoni, si kifuani tu. Mimi kwa mwili sijambo. Nimerudi salama na miguu yangu yote miwili, ingawa goti la kushoto bado linanung'unika kwa ajili ya mlima.

Barua hii anakuletea Papa Pitchou wa kanisa letu la Doornfontein, yule anayekuja Lubumbashi mpaka huko kwetu Likasi kwa basi na mizigo ya nguo. Najua utajiuliza kwa nini nimeshika kalamu na simu ipo. Simu hii ni ya nyumba ninamokaa, mtoto huichezea, mama yake huiazima. Haya ninayokuambia hayafai kusikika jikoni.

Umeniuliza mara nyingi: yaya, nianze safari lini? Pasipoti unayo, hata mtu wa kununua cherehani yako umempata. Jibu liko humu, lakini nakuomba usirukie mwisho.

Nyumba yetu unaijua kwa picha. Festus ni Mkenya, anafanya kazi benki, mkewe ni Monicah, na mtoto wao Roy sasa ana miaka sita. Rafiki mmoja wa Festus aliyesoma naye ana kijumba cha mawe katika kisiwa cha Uskoti, kisiwa ambacho jina lake ulimi wangu haujaliweza hata leo. Akawaambia waende wapumzike mwezi wa saba. Monicah akasema nami niende pamoja nao. Akanishughulikia karatasi zote, pasipoti yangu akaiweka katika mkoba wake nisije nikaipoteza. Mimi nikasimama kanisani nikatoa ushuhuda kwamba watu wa nchi nyingine wananichukua likizo kama damu yao. Mama Denise akapiga vigelegele mpaka mchungaji akamtuliza.

Kwa nini nilisema kama damu yao? Ngoja nikueleze, maana hapo ndipo penyewe. Siku ya kwanza nilipoingia nyumba hii, mwaka 2014, Roy alikuwa bado anavaa nepi. Monicah akamshika mkono akamwambia, "Huyu ni yaya. Msalimie yaya." Victorine, nilikwenda bafuni nikalia. Nilikuwa nimetoka kulala sakafuni kanisani, sina mtu, na hawa watu wasionijua wananiita yaya, dada yao mkubwa, neno lile lile unaloniita wewe.

Tangu siku ile nikaishi kama mkubwa. Festus akikosa ibada, namsema. Monicah akitaka kutoka na sketi fupi, namwambia arudi abadilishe, naye hucheka, mara nyingine hubadilisha kweli. Chakula hakiguswi kabla sijaomba. Wageni wao Wakenya walikuwa wakisema, eish, huyu yaya wenu ndiye mwenye nyumba. Nami nilicheka pamoja nao, kwa kuwa niliona wamesema sawa. Na ndiyo maana miaka hii yote sikuomba ruhusa ya kuja kuwaona. Mkubwa haombi likizo nyumbani kwake. Nilingoja waone wenyewe, waseme, yaya, nenda ukamwone Mama. Hawakusema, nami nikajiambia wana mambo mengi.

Basi tukafika kisiwani kwa meli. Kijumba kina vyumba viwili na kingine kidogo chini ya ngazi, ambacho kilikuwa changu, kichwa kikigusa mbao nikikaa kitandani. Nje ni kondoo waliopakwa rangi ya buluu mgongoni, nyasi, mawe, na upepo usiojua kunyamaza. Jua halitui mpaka watu wamechoka kulingoja. Sikujua sala ya jioni niisali saa ngapi, nikawa naisali mara mbili.

Festus akatangaza kwamba kesho tunapanda mlima. Nilifurahi. Sisi kwetu mtu akisema anapanda mlima unajua anakwenda kuomba, kwa hiyo asubuhi sikunywa hata chai. Nikafunga kabisa, kwa ajili ya nyumba yote na kwa ajili ya safari yako. Wao wakala mayai na mikate, wakavaa viatu vikubwa, tukaanza. Mfuko wa chakula nikabeba mimi. Ardhi ya kule inakunywa mguu, unakanyaga majani mazuri ya kijani na maji yanaingia mpaka soksi. Kuna vijidudu vidogo kuliko mbu vinavyoingia hata puani. Nikauliza tutaomba sehemu gani. Festus akasema hakuna kuomba, ni kupanda tu, kuona, na kushuka. Nikauliza tunachukua nini huko juu. Akacheka mpaka akakaa chini, akamwambia mkewe kwamba yaya anatafuta kuni.

Karibu na kilele tukakutana na mama mmoja Mzungu, mtu mzima, na fimbo mbili. Alikuwa mwema, alimpa Roy pipi. Akatutazama mimi na Monicah, akamuuliza kama mimi ni dada yake. Kiingereza changu unakijua, lakini hicho nilikisikia vizuri. Nikaanza kutabasamu, nikamgeukia Monicah ajibu. Akasema no, akataja neno ambalo hapa Johannesburg hata mtoto analijua, ndilo wanalowaita wanawake wanaosukuma watoto wa watu kwenye bustani. Kisha akanigeukia na uso mwema kabisa, asije akaniacha nje ya mazungumzo, akasema:

"Ameuliza kama wewe ni dadangu. Nimemwambia hapana, wewe ni yaya wetu."

Mdogo wangu, kwa Wakenya yaya ni mwanamke wa kulea mtoto kwa mshahara. Ndiyo maana yake tu. Hawakunidanganya. Walikuwa wananiita jina la kazi yangu, mchana kweupe, na mimi nikawa naitika jina la heshima yangu. Na zile sketi nilizokuwa namrudisha abadilishe! Nilitaka mlima ufunguke.

Kushuka nilishuka kwa kushikilia nyasi, tumbo tupu. Monicah alinishika kiwiko, akasema nimechoka, akaubeba mfuko yeye mwenyewe. Hapo ndipo pagumu. Angekuwa mtu mbaya ningekuwa na mahali pa kuweka hasira.

Tulikuwa tuondoke kesho yake. Upepo ukaja, meli zikasimamishwa. Siku baada ya siku Festus anapiga simu, wanamwambia bado. Mvua inapiga madirisha kwa ubavu. Soksi za watu wote zinaning'inia juu ya jiko, sote tunapumua moshi mmoja, na kila baada ya muda naitwa: yaya, chai, yaya, mtoto, yaya, umeona chaja? Sina pa kulia. Chumba changu hakina ufunguo. Nikitoka nje, kondoo wananitazama. Kila upande wa kisiwa unamalizikia kwenye maji, na pasipoti imo ndani ya mkoba, na mkoba uko juu ya kabati la Monicah. Nilifungua Zaburi nikasoma mistari bila kuisikia. Nikawaza, Jeannine, hata meli ikija, itakutoa hapa ikupeleke wapi? Jikoni kwingine kule kule.

Siku moja mvua ikinyesha hivyo, Monicah akaja jikoni nikimenya viazi. Akaniambia mtoto wa pili yuko njiani, mimba ya miezi minne. Nikamshukuru Mungu. Akaendelea kwamba amefikiri juu yako, yule mdogo wangu ninayemsifu kila siku. Wako tayari kulipa nauli yako, ulale chumbani kwangu, uwe yaya wa mtoto mdogo. "Kwa sababu wewe, yaya, hujawahi kunisumbua kwa lolote," akasema.

Sasa sikiliza ninachokiri. Nilimwambia hutaweza kuja. Akauliza kwa nini, na mdomo wangu mimi, wa kuombea chakula, ukajibu kwamba umepata mchumba, na arusi iko karibu. Uongo mtupu, tena bila kukuuliza. Najua jinsi unavyoitaka safari hii. Najua Likasi imekubana, ulivyosema unaona kama unashona shati lile lile maisha yako yote. Nami nimekufungia mlango nikiwa bado nimeshika kitasa.

Monicah akapiga makofi kwa furaha. Akanikumbatia, viazi na vyote. Tuliporudi Johannesburg akaenda dukani, na ndani ya mzigo huu utaona mashuka meupe na foronya zake nne. Ni zawadi ya arusi yako kutoka kwake na Festus. Nilijaribu kukataa, nikashindwa. Anangoja picha ya bwana arusi.

Kwa hiyo jibu langu ndilo hili. Ukisema bado unataka kuja, nitakwenda kwa Monicah nitubu, na utakuja, lakini uje ukijua unakuja kazini: pasipoti ikae kwako, na siku za kupumzika uzitaje kabla hujavua viatu. Ukisema hutaki, lalia mashuka, nami uongo wangu nitajua nitakavyoupeleka kwa Mungu. Mimi mwenyewe pasipoti yangu sijaiomba bado. Kila asubuhi nafungua kinywa, naulizwa uji uko wapi, nakifunga. Jibu lako mpe Papa Pitchou kwa mdomo, usipige simu.

Umsalimie sana Mama, usimwambie habari ya mlima, mwambie tu niliona bahari. Wasalimie wa kwaya, na jirani wa mashine ya unga. Neema ya Bwana ikae nanyi nyote.

Ni mimi mkubwa wako,
Jeannine

Roy ananiita. Wacha niende, ameshaita mara mbili.