Ndege Iliyopunguzwa Sauti

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Natumaini wewe, shemeji na watoto mko wazima. Sisi hatujambo, ila mimi nimechoka na nina hasira, na sina wa kumlalamikia isipokuwa wewe.

Uliandika kwamba kelele za ndege zisipopungua utakuja kumchukua Mama akaishi kwako. Nikakuomba unipe nafasi, kwa kuwa ndege yenyewe inatengenezwa karakanani kwetu. Nimehangaika, dada. Nilimweleza bosi kwamba kelele kubwa inatoka kwenye ncha za pangaboi, zinazokata hewa kwa kasi mno. Tukifunga lenye mabapa mengi mafupi, litazunguka polepole na kuvuta vilevile. Akaniuliza kama kuna abiria aliyelalamika. Nikamjibu kwamba abiria hawaishi chini ya ndege. Akanuna, lakini mwishowe akaliagiza.

Tukalifunga, na ndege ikapita juu ya paa letu ikinguruma kama zamani. Kumbe Kapteni anayeirusha hakupunguza mizunguko ya pangaboi baada ya kupaa. Alisema ndege isiyonguruma ni mgonjwa, na yeye harushi wagonjwa. Nilimfuata kila asubuhi hadi akanibandika jina la Mama Mkwe. Juzi akachoka nami, akapunguza. Ndege ikapita kama feni ya mezani. Majirani walitoka kunipa mkono.

Nikaingia ndani kumuuliza Mama ameionaje. Akanitazama kwa huruma, akauliza kama kazi imesimama, maana ndege hairuki tena. Nikamwambia imepita sasa hivi. Akajibu kwamba chai iko kwenye chupa. Nikasimama nyuma yake nikamwita. Hakugeuka.

Dada, Mama hasikii. Hucheka tunapocheka, nasi tukadhani anatusikia. Ndege ndiyo sauti pekee iliyokuwa ikimfikia. Na nikikumbuka vizuri, yeye hakuwahi kuilalamikia. Tuliolalamika ni mimi na wewe.

Sasa nikwambie nililolificha hata karakanani. Leo nilimwendea Kapteni, nikamwomba aongeze mizunguko kidogo akifika juu ya nyumba yetu. Alicheka hadi akakaa chini. Mimi sikuweza kucheka. Ndege ilipopita, Mama aliinua uso, akasema afadhali, kazi imerudi. Majirani wameninunia upya.

Njoo, lakini si kumchukua. Tumpeleke kwa daktari wa masikio. Nisalimie wote huko. Na ukifika usisimame mlangoni kupiga hodi. Ingia tu, umshike bega.

Ni mimi mdogo wako,
Mama Mkwe wa karakana