Pembetatu za Baada ya Idi

Baba,

Sijamwambia mtu yeyote: najua ulianza kuugua lini. Mama bado anasema ulikuwa mzima, ulilala tu usiamke. Kila anayekuja kutupa pole anamsimulia hivyo. Ndiyo faraja yake, kwamba hukuteseka.

Tangu nimalize kidato cha nne ninaingiza vipimo vyako vya mikoko kwenye kompyuta ya mradi uliokuwa ukiufanyia kazi, hapa Kibiti. Kila mti ni nukta moja kwenye grafu: unene huku, urefu kule. Nukta zilitoka zote nyeusi, kama dagaa walioanikwa, ila zilikaa mafungu mawili na hakuna aliyejua kwa nini. Nikaiagiza programu ikipe kila kijiji alama yake, zikachanganyika. Nikagawa kwa aina ya mti, vilevile. Mwisho nikaandika: kipimo cha kabla ya Idi kiwe duara, cha baada ya Idi kiwe pembetatu.

Mafungu yakaachana, Baba. Pembetatu zote zilikuwa upande wa miti myembamba.

Mkuu wa mradi akacheka, "Binti, kwani na mikoko nayo ilifunga?"

Mimi sikucheka. Nilikumbuka suruali zako. Baada ya Idi ulikuwa ukirudi kutoka kupima mikoko ya kijiji cha Kiongoroni bila tope hata kwenye pindo, nami nikifurahi kwa sababu mfuaji ni mimi. Ukasema, "Siku hizi nimejua kulikwepa." Kumbe ulikuwa hushuki. Ulipima ukiwa ndani ya mtumbwi, maji yamejaa, futi kamba ikizunguka juu kule shina linakopungua. Wewe uliyenifundisha kwamba mti hupimwa maji yakipwa, umesimama topeni, usawa wa kifua! Miguu ilikuwa imekukataa. Na hukusema.

Vipimo vile vitafutwa. Nimemweleza mkuu kwamba vilichukuliwa maji yamejaa. Sababu sikuitaja, naye hakuuliza. Nikaomba nikaipime miti hiyo upya mimi mwenyewe. Amekubali. Shangazi atanipokea Kiongoroni.

Nakuahidi nitashuka kwa kila mti, na nitasubiri maji yapwe.

Lala salama, Baba, Mungu akulaze pema. Na hili la miguu libaki letu wawili. Tafadhali, Mama asilijue.

Mwanao,
Mwanahawa