Nyuma ya Meza ya Miungu

Jumapili, 27 Januari 2019

Saini za wananchi zimetosha! Alhamisi baraza la mji linapiga kura: nyumba zote za zamani zikaguliwe, na aliyekata nguzo airudishe. Mji mzima unaiita "sheria ya nguzo". Kaka Bun-hiong ndiye mjumbe aliyeipeleka barazani. Leo sokoni muuza tofu alimtania – mheshimiwa, utabomoa hadi mabanda yetu ya kuku? Kaka akamjibu, kuku wako kaa nao, mimi nataka nguzo. Watu hoi kwa kicheko. Mimi machozi yalinilenga kwa fahari.

Miaka mitatu tangu tetemeko. Iong-kiat, mume wangu, alikufa akila tambi chini ya ghorofa ambalo mwenye mgahawa alilikata nguzo ili aongeze meza. Kaka ndiye aliyenishika mkono mbele ya kile kifusi. Akaapa, haitatokea tena.

Jumanne, 29 Januari

Leo miungu ya nyumbani imepanda mbinguni kupeleka taarifa ya mwaka. Mpaka irudi, baada ya mwaka mpya wa kalenda yetu ya mwezi, ruhusa kusogeza meza yao ya ibada na kusafisha. Kila mwaka kaka husafisha mwenyewe, hataki mtu aguse. Nilidhani ni uchaji! Safari hii mgongo umemshika, yuko kitandani. Nikaisukuma mimi, kidogo kidogo, jasho likinitoka.

Nyuma yake, pale penye nguzo – plaiwudi. Imepakwa rangi ya ukuta. Nikagonga. Mlio wa kitu kitupu. Nikaibandua kwa bisibisi.

Hakuna nguzo. Vipande vya nondo vinaning'inia darini, na upande wa pili naiona karakana ya kaka, na ile mashine yake ya kunyanyulia pikipiki. Imekaa palepale nguzo ilipokuwa.

Mama analala juu ya pengo hilo. Na mimi pia.

Jumatano, 30 Januari

Hakukana hata. Eti karakana ilikuwa finyu. Eti nyumba si imesimama, unaiona. Lini ulikata? Mwaka juzi. Mwaka juzi! Baada ya kifusi, baada ya kiapo.

Nikamwambia namwambia Mama, sasa hivi. Akatazama pembeni.

"Mdogo wangu, Mama ndiye aliyenichagulia siku njema ya kukata. Kwenye kalenda yake."

Nikapanda juu. Mama anamenya karanga.

"Ningefanyaje, mwanangu? Mwenzio ana familia."

Mwenzangu ana familia. Mimi nilikuwa na nini, Mama? Sikumuuliza. Nilitaka kumwaga hizo karanga zote chini.

Alhamisi, 31 Januari

Kaka alijikongoja hadi barazani, akasimama, akaomba kura iahirishwe. "Tuwaache wananchi wale sikukuu kwa amani." Makofi! Muuza tofu alipiga kuliko wote. Sasa ni baada ya sikukuu, na baada ya sikukuu patazuka sababu nyingine. Nawajua.

Hotuba zake zote za nguzo niliziandika mimi. Hii ya leo kajiandikia. Nzuri, tena.

Jumatatu, 4 Februari

Mkesha wa mwaka mpya. Wote mezani. Kaka kaniwekea mnofu wa samaki kwenye bakuli, ule wa shavuni, kama enzi za Baba. Nikaula. Msaliti, na samaki mtamu. Namchukia kaka, na samaki wake nilimpokea kwa mikono miwili.

Alhamisi, 7 Februari

Nimempigia Mhandisi Liao, yule aliyekagua kifusi chetu. Nimemkaribisha kesho, salamu za mwaka mpya. Sikumwambia zaidi. Nyumbani nimesema mgeni anakuja, basi.

Ijumaa, 8 Februari

Miungu inarudi leo. Ubani tayari, matunda tayari. Meza bado iko katikati ya chumba, na pengo wazi nyuma yake.

Gari limesimama nje. Kaka kachungulia, kamtambua mhandisi. Ananiita kutoka chini, sauti ya chinichini kwanza, sasa kwa nguvu.

"Shuka basi! Tuirudishe kabla hajaingia! Miungu itaketi wapi?"

Nimekaa kitandani na kalamu. Meza ni nzito na mgongo wake bado mbovu, peke yake hawezi. Nasikia anajaribu – miguu ya meza inakwaruza sakafu, inatulia. Anaguna kwa maumivu.

Sasa ni Mama anayeita. Kwa jina langu la utotoni.

Mlangoni Liao anavua viatu.